Shimo ya bajeti inaangukia nani?

Kila mwaka, mbele ya tarehe 15 ya mwezi wa tisa, serikali inapaswa kupeleka bajeti bungeni. Katiba njo inasema vile. Radio ikitangaza ile habari, kwetu kambini nani anasikiliza? Tunageuza, tunatafuta mpira. "Ile ni mambo ya bakubwa," tunasema. Na bakubwa nao wanapiga kura, wanapiga makofi, wanaenda. Feza yenye kutoka inapita yenye kuingia, lakini hakuna anayeshituka.

Mchimbaji anajua shimo. Shimo bila miti ya kushikilia itaanguka, hata kama leo juu yake kunaonekana kuzuri. Bajeti yenye kupungukiwa iko vile.

Wazee wetu waliona. Mwaka 1974 bei ya shaba ilikuwa juu, serikali ya Zaire ikatumia feza sawa vile bei haitashuka. Mwaka 1975 ikashuka. Matumizi yakabaki juu. Wakakopa inje. Kisha wakopeshaji walipochoka, wakachapa makaratasi. Gécamines njo ilikuwa inalisha serikali. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaanguka, na mwaka 1994 hawakufikisha tani 50,000. Shimo ya serikali ikapanuka, na mashini ya kuchapa ikakimbia zaidi.

Mwisho wa 1992 ikatoka noti ya zaire 5,000,000. Wauzaji wakaikataa. Mwezi wa kwanza 1993, askari waliolipwa nayo wakavunja maduka ya Kinshasa. Mwaka 1994 bei zilipanda zaidi ya 9,000 kwa mia. Baba akipokea mshahara asubuhi, mama alipaswa kukimbia sokoni mbele ya mangaribi. Ilipofika 1998, franka moja ya Kongo ikachukua pahali pa zaire za zamani bilioni 300. Mzee aliyeweka akiba miaka 20 akabaki na karatasi ya kufungia karanga.

Hakuna aliyemuuliza yule mzee kama anakubali ile deni. Njo ubaya wa upungufu wa bajeti: hakuna mtu anayekuja mlangoni kukulipisha. Unalipa polepole, ndani ya kilo ya unga.

Hatusemi serikali isikope. Mtu akikopa kwa kujenga nyumba, nyumba inabaki. Akikopa kwa kunywa, kesho deni inabaki peke yake. Basi ndugu, na nyinyi bamama, siku depite anakuja kambini na chumvi na tisheti, mupokee. Lakini mumuulize mbele ya watu wote: mwaka huu bajeti inapungukiwa feza ngapi, mulikopa kwa kujenga nini, na nani atalipa? Kama hajui kujibu, mujue kama ni sisi.