Masomo ya Juu na Uhifadhi wa Wanyamapori: Mfano wa Kisangani

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi masomo ya juu yanavyoweza kumfikisha mwanafunzi katika kazi ya kuhifadhi wanyamapori. Mfano unatolewa Kisangani, mji wa kando ya Mto Kongo wenye Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 1963.

Aghalabu hudhaniwa kuwa mhifadhi ni askari wa kuwafukuza majangili tu. Askari huyo anahitajika. Lakini hifadhi hailindiki pasipo kujulikana kilichomo. Okapi, aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1901, hula majani ya msituni. Hivyo anayetaka kumwokoa hana budi kuijua mimea hiyo. Masomo ya uzamili hufundisha hasa jambo hilo: kuuliza swali mahususi, kupima kwa utaratibu, na kutunza kumbukumbu zitakazoaminiwa na wengine.

Historia ya Corneille Ewango yabainisha hoja hii. Alikulia miongoni mwa wawindaji, akasoma biolojia Kisangani, kisha akafanya kazi ya utafiti wa mimea katika Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992 katika msitu wa Ituri. Vita vilipoifikia hifadhi hiyo, wakuu wengi waliondoka. Yeye alibaki, akaficha mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa pamoja na takwimu za utafiti. Kwa ajili hiyo alitunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2005. Alisoma uzamili Missouri, Marekani, na mwaka 2010 akahitimu uzamivu Wageningen, Uholanzi, kwa tasnifu juu ya mimea inayoparamia miti katika msitu ule ule wa Ituri. Baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Kisangani.

Mfuatano huo una maana. Shahada ya kwanza ilimwezesha kukusanya. Shahada za juu zilimwezesha kufasiri alichokusanya na kuwafunza wengine. Mhitimu wa namna hiyo aweza kuajiriwa katika idara ya serikali inayosimamia hifadhi, katika kituo cha utafiti kama kile cha Yangambi, au chuoni kwenyewe. Asipopatikana mwenyeji mwenye sifa hizo, maamuzi kuhusu msitu huachiwa wageni.

Hata hivyo, shahada peke yake haitoshi. Tasnifu huandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, ilhali mwindaji wa Ituri huzungumza na mgeni kwa Kingwana, yaani Kiswahili cha Kongo, kilichoenea huko tangu enzi za misafara ya Tippu Tip katika karne ya 19. Mtafiti asiyeweza kumweleza mwindaji huyo, kwa lugha hiyo, sababu ya kuhesabu wanyama na kupima miti, atakuwa amehifadhi karatasi tu. Kwa hiyo Kiswahili kistahili kuhesabiwa miongoni mwa zana za mhifadhi, sawa na daftari na kipimo chake.