Homa kushuka si kupona: ijue TNF, kemikali ya kinga ya mwili



Mtoto ana homa, mama anampa parasetamo, baada ya muda joto linashuka na mama anasema, "Alhamdulillah, amepona." Kumbe kilichoshuka ni joto tu. Kama ni malaria, vimelea vinaendelea kuzaliana kwenye damu kama kawaida. Ili tuelewe kwa nini, inabidi tuijue kemikali moja ambayo mwili huitengeneza wenyewe. Wataalamu huiita TNF.

TNF ni mojawapo ya saitokini, yaani kemikali zinazobeba ujumbe kutoka chembe moja ya mwili kwenda nyingine. Chembechembe nyeupe za damu zikikutana na vijidudu huimwaga ili kuziita nyingine. Mishipa midogo ya damu hupanuka, msaada hufika, na mahali hapo huwa pekundu, pakavimba na kuuma. Jipu ni mfano wake. Ujumbe ukifika kwenye ubongo, hutengenezwa kemikali nyingine inayopandisha joto la mwili, na parasetamo huizuia hiyo ya pili. Ni sawa na kumziba mdomo jirani anayepiga kelele za mwizi. Kelele zimekwisha, mwizi bado yumo ndani. Simkatazi mzazi kutoa parasetamo, maana homa kali humtesa mtoto. Ninachosema ni kwamba baada ya kuitoa, safari ya kwenda kupima damu ibaki pale pale.

Jina la TNF lina historia yake. Mwaka 1975 huko New York, Lloyd Old na wenzake waliwadunga panya chanjo ya BCG, ile ile wanayochomwa watoto wetu begani, kisha wakawapa sumu ya bakteria. Majimaji ya damu ya panya hao yalipodungwa kwa panya wengine wenye saratani, uvimbe wao ulikufa. Ndiyo maana ikaitwa kwa Kiingereza jina lenye maana ya kitu kinachofisha uvimbe. Katika mji huo huo, Anthony Cerami na Bruce Beutler walikuwa wakitafuta sababu ya wanyama wenye vimelea vya malale kukonda hadi kubaki mifupa. Mwaka 1985 ikabainika kwamba kinachokondesha na kinachofisha uvimbe ni kitu kimoja. Anayefuga ng'ombe penye mbung'o ameuona ukondefu huo kwa macho yake. Mgonjwa wa kifua kikuu naye hukonda hivyo hivyo, na TNF ina mkono wake humo. Majirani wakasema amerogwa.

Turudi kwenye malaria. Kila baada ya saa 48 hivi vimelea huzipasua chembe nyekundu na kutoka, TNF humwagwa, mgonjwa hutetemeka. Kwa kiasi chake inasaidia kuviua vimelea. Ikizidi, kuta za ndani za mishipa ya damu huanza kunata, na chembe zenye vimelea hung'ang'ania humo, hata kwenye mishipa ya ubongo. Mtoto hupata degedege na kupoteza fahamu. Bado wapo wanaosema degedege si ugonjwa wa hospitali, na kila saa wanayopoteza, sindano ya malaria inachelewa.

Je, TNF ikizuiwa mtoto ataokoka? Jambo hilo lilijaribiwa Gambia, na matokeo yakatoka mwaka 1996. Watoto 610 wenye malaria ya ubongo walipewa dawa ya malaria, na sehemu yao wakaongezewa dawa ya kuizuia TNF. Vifo havikupungua, vilikuwa kama 20 kwa kila 100 pande zote mbili. Waliobaki na ulemavu wa neva walikuwa wengi zaidi kwa wale walioongezewa.

Kwenye kifua kikuu, funzo ni kali zaidi. Inakadiriwa kwamba robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa vijidudu vyake, lakini wengi hawaugui. Chembechembe nyeupe huvizunguka vijidudu na kujenga boma dogo, na TNF ndiyo inayolishikilia boma hilo lisibomoke. Mwaka 1998 Marekani iliruhusu infliksimabu, dawa ya kuizuia TNF, ambayo baadaye ilitumika pia kwa baridi yabisi. Imewasaidia wengi. Lakini mwaka 2001 ikachapishwa taarifa ya wagonjwa 70 waliougua kifua kikuu baada ya kuitumia, wengi wao wakiwa wamepata dozi 3 au pungufu. Zaidi ya nusu, ugonjwa ulikuwa nje ya mapafu. Tangu hapo mgonjwa hupimwa kifua kikuu kwanza.

Utasema dawa hiyo ni ghali, haitufikii. Ni kweli, lakini zipo dawa za bei rahisi zinazopunguza TNF na kinga nyingine nyingi kwa pamoja: predinisoloni na deksamethazoni. Watu huzinunua dukani bila cheti, kwa maumivu ya viungo, kwa pumu, hata ili wanenepe. Maumivu hutulia haraka, na hapo ndipo penye mtego. Mwenye vijidudu vilivyofungiwa bomani anaweza kuvifungulia mwenyewe. Aliyeandikiwa na daktari aendelee kama alivyoelekezwa, na aliyezitumia muda mrefu asiache ghafla, kwani hilo nalo ni hatari. Amweleze daktari kama nyumbani kuna mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu.

Kikohozi cha wiki mbili, jasho jingi usiku na kukonda, peleka makohozi yakapimwe. Vipimo na dawa ni bure katika vituo vya serikali. Watoto walio chini ya miaka 5 wanaoishi na mgonjwa wapelekwe pia, hata kama hawakohoi. Wakikutwa hawana ugonjwa, hupewa dawa ya kuwakinga.