Unene wa Watoto na Maradhi ya Pumu

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mtoto mnene amehesabiwa tangu zamani kuwa sifa kwa wazazi wake. Unene umechukuliwa kuwa ushahidi wa shibe na afya. Lakini elimu ya tiba imeonyesha kwamba unene uliopita kiasi humwongezea mtoto hatari ya kushikwa na pumu, na yule aliyekwisha kushikwa humzidishia taabu.

Jambo hili linawahusu pia wazazi wa Rukoki, makao makuu ya Wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba Waganda 11 katika kila 100 wenye umri wa miaka 12 na zaidi walikuwa na pumu, na kwamba ugonjwa huo ulikuwa umeenea zaidi mijini kuliko vijijini. Na mijini ndiko mtoto anakopelekwa shule kwa bodaboda, na ndiko bundu na sombe vinakoanza kuzipisha chipsi na soda.

Unene na pumu huungana kwa njia mbili. Kwanza, mafuta yaliyojaa kifuani na tumboni huyabana mapafu, pumzi ikawa fupi. Pili, mafuta hayo hutoa kemikali zinazochochea uvimbe mwilini, nayo pumu yenyewe ni uvimbe wa njia za hewa. Ndiyo maana baadhi ya watoto wanene hawapati nafuu ya kutosha kwa dawa za kuvuta ambazo huwasaidia wenzao.

Hata hivyo, si haki kuutwika unene lawama zote. Wako watoto wengi wembamba wenye pumu. Ugonjwa huu hufuata ukoo, na huchochewa na mafua, vumbi, moshi wa sigara na moshi wa kuni katika jiko lisilopitisha hewa.

Hatari nyingine imo katika huruma ya wazazi. Mtoto akibanwa na kifua, hukatazwa kukimbia. Huketishwa nyumbani na kubembelezwa kwa vitamu. Muda si mrefu hunenepa, na kupanda kilima kidogo tu humkatisha pumzi. Wazazi huona pumu imezidi, naye huzidi kukatazwa. Hivyo ugonjwa huzaa unene, na unene huukuza ugonjwa.

Kumnyima mtoto chakula si dawa. Hana budi kupelekwa katika kituo cha afya, kama kile cha Rukoki, apimwe, ijulikane kama kinachomkatisha pumzi ni pumu, ni uzito, au ni vyote viwili. Akipewa dawa ya kila siku, aitumie hata siku asizobanwa. Kisha aruhusiwe kucheza na wenzake, dawa ya kufungua kifua ikiwa karibu. Pumu iliyotunzwa vema haimzuii mtoto kukimbia, na walimu nao wanapaswa kulijua hilo, ili mtoto huyo asiketishwe kando ya uwanja siku zote.