Saa ya baba, pumzi ya mtoto

Karagwe. Wanaume wengi wakienda kununua saa ya mkononi huangalia mambo mawili, bei na mng'ao. Saa hiyo huvaliwa ibadani, harusini na siku ya kushuka Kayanga mjini kufuatilia malipo ya kahawa. Siku za kawaida hulala kabatini kwa sababu ni nzito, inachubuka ukilima nayo, au inawasha mkono.

Ipo aina moja ya saa isiyohitaji kuwekwa kabatini. Mwili wake ni wa titani, inatumia betri, ina visaa vidogo viwili au vitatu ndani ya uso wake na vitufe viwili pembeni. Wauzaji huiita kronografu, yaani saa yenye kipima muda ndani yake. Kwa familia ya Ndama yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, faida yake kubwa huonekana usiku, mtoto akikohoa au akiwa na homa, na zahanati imefungwa.

Titani ni metali ileile ambayo madaktari wa mifupa huitumia kuunga mifupa iliyovunjika. Ukichukua kipande chake na kipande cha chuma kisichoshika kutu vyenye ukubwa sawa, cha titani kina uzito unaozidi kidogo tu nusu ya kile kingine. Ndiyo maana mtu anaweza kupalilia migomba nayo, kuendesha bodaboda na hata kulala nayo bila kuikumbuka. Inachubuka, tena titani isiyopakwa kitu juu yake huchubuka upesi, lakini mikwaruzo haiizuii kufanya kazi.

Ndani yake kuna kipande kidogo cha kwatsi, madini ya jamii ya mawe meupe yanayong'aa, ambacho kikipata umeme wa betri hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Mitetemo hiyo ndiyo inayoongoza mwendo wa mishale. Saa ya kawaida ya aina hii hupotea takribani sekunde 15 kwa mwezi, yaani nusu sekunde kwa siku. Saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi, Seiko Astron, iliingia sokoni Japani Desemba 25, 1969 kwa bei iliyolingana na ya gari dogo. Leo teknolojia hiyohiyo imo kwenye saa zinazouzwa juu ya meza mnadani, kwa hiyo mzazi asiyeweza kununua titani asijione amepitwa. Anachohitaji hasa ni mshale wa sekunde unaotembea vizuri.

Mshale upi unahesabu?

Homa ya mapafu, au nimonia, ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi wa chini ya miaka mitano duniani. Dalili yake ya mapema haihitaji mashine. Mtoto anayekohoa huanza kupumua haraka, na kasi hiyo inaweza kuhesabiwa na mtu yeyote mwenye saa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka viwango ambavyo wahudumu wa afya huvitumia. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika ni haraka kupita kiasi. Kwa wa miezi miwili hadi 11 ni mara 50 au zaidi. Kwa wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano ni mara 40 au zaidi.

Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Akiwa amelala ndiyo vizuri zaidi, usimwamshe. Pandisha nguo yake uone kifua na tumbo. Kupanda na kushuka kwa pamoja ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Wazazi wengi wangependa kuhesabu nusu dakika kisha kuzidisha kwa mbili, lakini mtoto mchanga hapumui kwa mpangilio mmoja. Huharakisha, hupunguza, hata husita kidogo. Nusu dakika inaweza kukutisha bure au kukupa moyo bure. Kwa wa chini ya miezi miwili, ukipata 60 au zaidi, hesabu tena mara ya pili.

Hapa ndipo kronografu humchanganya asiyeizoea. Kwenye saa nyingi za aina hii, mshale mrefu mwembamba wa katikati haitembei. Umesimama kwenye 12, na mtu hudhani saa imekufa. Sekunde za kila siku zinahesabiwa na kishale kidogo ndani ya kisaa kimojawapo. Mshale mrefu husubiri kuamriwa: bonyeza kitufe cha juu, utaanza kutembea kutoka 12. Hesabu pumzi hadi urudi 12, bonyeza tena usimame. Kitufe cha chini huurudisha mahali pake. Ijaribu mchana, mtoto akiwa mzima, ili usiku wa shida usiwe siku ya kujifunza.

Atakayeuliza kwa nini asitumie simu ana hoja. Simu nayo ina kipima muda. Ila kioo cha simu huzima katikati ya kuhesabu, chaji huisha, na ujumbe ukiingia macho hukimbilia huko. Saa ukiishika karibu na tumbo la mtoto unaona pumzi na mshale kwa mtazamo mmoja. Wazo hili ni la zamani: mwaka 1707 daktari Mwingereza John Floyer aliandika juu ya saa aliyotengenezewa ili kuhesabu mapigo ya moyo ya wagonjwa, iliyokwenda dakika moja tu kisha ikasimama.

Ukipata idadi iliyofika viwango hivyo, nenda kituo cha afya au mtafute mhudumu wa afya ngazi ya jamii siku hiyohiyo. Na kuna hali ambazo hazisubiri kuhesabu: sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta hewa, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea na haamki. Huyo anapelekwa hospitali sasa hivi, saa iwe na betri au isiwe nayo.

Dozi ya saa sita usiku

Kwa Karagwe na Kyerwa kuna sababu nyingine ya kuivaa saa kila siku, nayo ni malaria.

Dawa mseto, ALu, hutolewa dozi sita kwa siku tatu. Ya kwanza hutolewa mara moja. Ya pili hutolewa baada ya saa nane. Nyingine nne hutolewa asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Inayosumbua ni ya pili. Mtoto aliyepewa ya kwanza saa kumi jioni, ya pili yake inaangukia saa sita usiku, wakati nyumba nzima imelala na mvua inanyesha. Wengi huisogeza hadi asubuhi.

Lugha nayo inachangia. Mtoa dawa akisema "baada ya saa nane", kuna mzazi anayesikia "saa nane", akampa mtoto dawa saa nane usiku au kungoja saa nane mchana wa kesho. Njia rahisi ni kuuliza palepale dirishani: mshale mfupi ukiwa wapi ndipo nimpe? Kisha unaandika juu ya pakiti.

Kuchelewa huko kuna uzito wa pekee hapa. Mwaka 2022 watafiti, wakiwamo wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), walifuatilia wagonjwa wa malaria wilayani Karagwe na kukuta vimelea vinachelewa kuondoka kwenye damu baada ya dawa kuanza. Matokeo yalichapishwa 2024. Kitaalamu huitwa usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, kundi lenye mojawapo ya dawa mbili zilizomo ndani ya mseto. Dawa mseto bado inaponya. Lakini dozi inayorukwa huwapa nafasi vimelea ambavyo tayari vimeonyesha kuwa havifi upesi.

Kipima muda kinasaidia pia pale mtoto anapomeza dawa na kuanza kuchefukwa. Bonyeza kitufe cha juu mara tu anapomeza. Akitapika ndani ya dakika 30, dozi hiyo inapaswa kurudiwa, na inabidi urudi kituoni kuongezewa kidonge ili cha mwisho kisipungue. Kisaa kidogo cha dakika kitakuonyesha bila kubahatisha. Kumbuka kukisimamisha baadaye, maana kikiachwa kinaendelea kula betri.

Saa yenyewe haimwamshi mtu; saa nyingi za mishale hazina kengele, hivyo kazi hiyo iachiwe simu. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba saa iko mkononi mwa baba, na anayekesha na mgonjwa mara nyingi ni mama. Baba akisafiri kwenda Bukoba, saa inakwenda naye. Familia yenye saa moja ingefaa iitundike kwenye msumari karibu na kitanda cha mtoto siku za ugonjwa, na wote wawili wajue kubonyeza.

Ngozi na betri

Mkono unaowasha chini ya saa mara nyingi huwa na mzio wa nikeli, metali iliyomo ndani ya saa na mikanda mingi. Titani haisababishi mzio huo. Hata hivyo kagua kifuniko cha nyuma na bizimu ya mkanda, kwa kuwa huweza kuwa vya metali nyingine. Sumaku haitakusaidia kugundua titani bandia. Chuma kingi cha saa nacho hakinaswi. Wakati mwingine si mzio, ni jasho, sabuni na udongo vilivyojificha. Osha mkanda, kausha, na ivue saa kabla ya kunawa mikono na kumwogesha mtoto.

Betri ikikaribia kuisha, kwenye saa nyingi kishale cha sekunde huanza kuruka sekunde kadhaa kwa mpigo. Muda bado ni sahihi, lakini mpelekee fundi. Ukirudi na betri ya zamani mfukoni, izungushie gundi ya karatasi na uitupe mbali na watoto. Betri za vidonge, hasa zile pana za litiamu za rimoti na midoli, zikikwama kooni zinaweza kuunguza nyama za ndani kwa muda wa saa mbili tu. Za saa ni ndogo, lakini nazo huunguza zikiingizwa puani au sikioni. Mtoto akimeza betri usimtapishe. Mkimbize hospitali yenye eksirei. Mwenye mwaka mmoja au zaidi, aliyeimeza ndani ya saa 12 zilizopita na anayeweza kumeza, anaweza kupewa vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, visizidi mara sita. Wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.