Trei za Mayai Hazizuii Sauti

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na kijana wa Njoro: "Mwalimu, trei ngapi za mayai zinatosha chumba cha kurekodia gitaa cha futi kumi kwa kumi?" Hakuna idadi inayotosha. Zirudishe kwa mwenye kuku.

Washa redio ndogo, uifunike kwa trei. Utamsikia mtangazaji neno kwa neno. Karatasi iliyoshindwa na redio itaizuiaje matatu inayopiga honi barabara kuu ya kwenda Nairobi? Kelele huzuiwa na uzito na kuzibwa kwa nyufa: ukuta wa mawe, mlango mzito, mpira kwenye fremu ya dirisha. Mwanya wa kidole chini ya mlango unakuharibia kazi, na hakuna anayeniuliza kuuhusu.

Hapo wengine hubadili hoja: eti trei ni za kuua mwangwi. Uzi mnene wa gitaa, ule wa E, hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa mita nne na ushee. Trei ina kina cha sentimita tano au pungufu. Wimbi hilo halijui hata kama kuna kitu ukutani. Kinachonyonywa ni sehemu tu ya sauti nyembamba, ile inayoleta mng'ao wa nyuzi. Niliingia chumba kimoja Lanet kilichobandikwa trei hadi darini. Nyuzi nyembamba zilisikika butu, kama zimefunikwa shuka. Zile nene zikavuma kwenye pembe kama debe tupu. Mwenye chumba alikuwa ametumia wiki nzima na gundi tele kujiharibia chumba. Chini ya karatasi hizo kavu kulikuwa na ekstensheni yenye plagi sita, ikiwa ya moto. Hilo lilininyima usingizi.

Tena rekodi nzuri haitegemei trei. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mrekodi wa muziki, alimrekodi mpigaji gitaa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Likasi ya leo, kwa mitambo aliyozunguka nayo garini. Miaka miwili kabla alikuwa Kapkatet, hapa kwetu Bonde la Ufa, akirekodi wimbo "Chemirocha" wa wasichana wa Kipsigis. Msikilize Mwenda: kila kidole kinasikika. Kilichofanya kazi ni mikono ya mpigaji na mahali maiki ilipokaa.

Basi anza na nyuzi mpya, uzipige siku moja zitulie. Kaa mbali na pembe za chumba, wala usikae katikati kabisa. Simamisha godoro nyuma yako, tundika blanketi zito pembeni, fungua kabati lililojaa nguo. Maiki moja inatosha: sentimita 30 hivi kutoka kwenye gitaa, ielekee freti ya 12. Usiielekeze kwenye tundu. Hewa ya ndani huvuma hapo na kufunika kila kitu. Ukisikia besi imezidi, rudi nyuma kiganja kimoja. Huna maiki? Weka simu mahali hapo hapo. Rekodi kwa biti 24, kilele kisipite desibeli 10 chini ya sifuri. Zima friji, vua saa, tafuta kiti kisicholia. Fanya kazi alfajiri, kabla bodaboda hazijaamka. Na mvua ikianza kugonga mabati, weka gitaa chini, ungoje ikatike.