Joto la Breki za Long-EZ

Ukiikuta Long-EZ uwanjani, jicho linakimbilia vibawa vilivyo puani na propela iliyo nyuma. Magurudumu hayana wa kuyatazama, isipokuwa mwenyewe. Ndege hii ya viti viwili, iliyobuniwa na Burt Rutan na kuruka mara ya kwanza mwaka 1979 huko Mojave, California, haikuuzwa ikiwa tayari. Mtu alinunua michoro, akaiunda gerejini kwake kwa povu gumu na faibaglasi. Nyingi bado zinaruka, na wenye nazo wengi wameshabadilisha rimu na breki.

Chanzo ni namna inavyokata kona. Gurudumu la mbele linageuka lenyewe tu, halikuungwa na usukani wowote. Ndege ikitambaa polepole ardhini, rubani huigeuza kwa kukanyaga breki ya upande mmoja. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, breki hiyo moja hukanyagwa karibu safari nzima hadi kwenye njia ya kurukia. Inafika huko imeshachemka, na safari yenyewe haijaanza.

Sasa tupige hesabu ya kutua. Ndege ya kilo 600 ikigusa lami kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa imebeba nishati ya kutosha kuchemsha lita nzima ya maji ya chai. Ukinzani wa hewa unapunguza kiasi. Inayobaki humezwa na diski mbili nyembamba. Tena ukizidisha kasi kwa asilimia 10 tu, nishati inapanda kwa asilimia 21.

Joto hilo hupanda mguuni. Mguu wa Long-EZ ni upinde wa faibaglasi, na epoksi iliyoushika hulainika ikipata moto. Taratibu gurudumu linaanza kukaa upande. Paipu za plastiki zinazopeleka oili ya breki nazo zinaweza kuyeyuka, na oili ikamwagikia diski ya moto. Hapo ndipo ndege huungua.

Dawa mojawapo ni diski nene, nayo haina miujiza. Chuma kikiwa kingi, joto lilelile hukipasha kidogo. Kampuni za Cleveland na Matco huuza seti za namna hiyo, na sheria za Marekani zinamruhusu aliyeiunda ndege kuzifunga mwenyewe.

Ila asimimine oili ya breki ya gari, kwani huharibu sili za mpira za breki hizi, zilizotengenezwa kwa oili nyekundu ya ndege. Walio makini huchagua aina ya 83282, ambayo haishiki moto upesi kama 5606 ya zamani. Na wakati wa kutoa hewa iliyonaswa kwenye breki, oili husukumwa kutoka chini kwenye kalipa kwenda juu, ili mapovu yafuate njia yao ya kawaida.

Mfuko ukiwa mdogo, mimi ningeanza na kinga ya joto mguuni na paipu za chuma; diski zingesubiri. Diski nene zina uzito wake, na vifuniko vya magurudumu vilivyotengenezwa kufuata breki ndogo huenda vikakatwa na kuundwa upya. Kazi hiyo ya kupiga msasa faibaglasi, wallahi, hula wikiendi nyingi kuliko breki zenyewe.