Kompyuta Inayokataa Kulala

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi mijini, kompyuta imekuwa chombo cha familia nzima. Baba huandikia taarifa za kazi, mama hutunzia hesabu za biashara, na watoto husomea. Lakini wapo wanaolalamika kwamba chombo hicho hakitaki kulala. Usiku huamriwa kipumzike, kioo kikazimika, na punde kikawaka tena. Asubuhi feni ingali inavuma, na uniti za LUKU zimekwenda bure.

Yafaa kwanza tufahamu kwamba kompyuta ina usingizi wa namna mbili. Katika usingizi mwepesi, kazi zilizofunguliwa hubaki katika kumbukumbu ya muda, ambayo huhitaji umeme kidogo wakati wote. Umeme ukikatika, kazi ambayo haikuhifadhiwa katika kompyuta ya mezani huweza kupotea. Katika usingizi mzito, kazi hizo huandikwa kwenye diski, kisha mashine hujizima kabisa. Hata umeme ukikatika usiku kucha, utazikuta pale pale ulipoziachia.

Usingizi unapokataa, wengi hukimbilia kwa fundi. Akiwa ni fundi mwenye haraka, hufuta kila kitu na kupanga mfumo upya. Picha za harusi na kazi za shule zikapotea pamoja na ugonjwa. Tiba hiyo ni kali mno, kwani aghalabu mashine haijaharibika. Kuna kitu kinachoizuia kulala, na mara nyingi yenyewe inaweza kukitaja.

Mwenye kutumia Windows afungue dirisha la kuandikia amri, kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, kisha aandike: powercfg /requests. Ataonyeshwa programu au kifaa kinachoizuia wakati huo, kama vile muziki au filamu inayoendelea kuchezwa. Akifunge, ajaribu tena.

Ikiwa kompyuta hulala kisha ikaamka yenyewe, aandike: powercfg /lastwake. Si ajabu mwamshaji akawa kipanya kinachotikiswa na meza, au kifaa cha mtandao. Katika orodha ya vifaa vya kompyuta, kila kifaa cha namna hiyo kina sehemu ya mipango ya umeme. Humo aondoe ruhusa yake ya kuamsha mashine. Kibodi aiachie ruhusa, ili apate cha kuiamshia. Amri ya powercfg /waketimers nayo huonyesha kazi zilizopangiwa saa ya kuamsha.

Wengine hawauoni usingizi mzito katika orodha ya kuzimia. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kwa kawaida chaguo hilo hufichwa. Amri ya powercfg /hibernate on huliruhusu, mradi mashine yenyewe inaliweza na diski ina nafasi ya kutosha. Kisha liwekewe alama katika mipango ya vitufe vya umeme, lionekane.

Tatizo likizidi kung'ang'ania, zitafutwe kwa mtengenezaji wa mashine programu mpya za kuendeshea vifaa, hasa vya picha na mtandao, kwani zilizopitwa na wakati huweza kuvuruga usingizi.

Hayo yote yakishindikana, ndipo aitwe fundi. Hata hivyo, ndugu msomaji, usimkabidhi mashine kabla ya kunakili picha na maandishi yote ya familia mahali pengine. Mfumo hupangwa upya kwa saa chache. Picha ya marehemu babu haipigwi mara ya pili.